MBEGU ZENYE SUMU: JINSI ZINAVYODHURU NA JINSI ZINAVYOTIBIWA

Katika milima ya Nyambene, karibu na mji wa Maua, ardhi ina rutuba na mvua huja mara mbili kwa mwaka. Kila mvua inyeshapo, mahindi, maharagwe na wimbi huota; lakini pamoja nayo huota magugu ambayo hakuna mtu aliyeyapanda. Mengi ya magugu hayo hayana madhara ila kunyang'anya mimea chakula chake. Machache ni hatari kuliko nyoka, kwa maana nyoka huonekana akipita, bali mbegu ya sumu hukaa kimya ndani ya ungo, ndani ya gunia, au katika kiganja cha mtoto anayecheza.

Habari hii yaeleza mbegu hizo ni zipi, humdhuru mtu kwa njia gani, hospitali hufanya nini, na yapasa kufanywa nini nyumbani kabla ya kufika hospitali. Jambo hili la mwisho ndilo kubwa, kwa sababu mara nyingi uhai wa mgonjwa hutegemea yale yaliyotendwa na jamaa zake katika saa ya kwanza.

MNANAHA

Mmea wa kwanza kujulikana ni ule ambao watu wa pwani huuita mnanaha, na wengine muranha. Asili yake ni bara la Amerika, lakini sasa umeenea karibu dunia nzima. Huota kando ya mashamba, penye jaa, karibu na zizi la ng'ombe na kando ya barabara, mahali popote penye udongo uliochimbuliwa na wenye mbolea. Kimo chake hufika kiunoni mwa mtu mzima au zaidi. Majani yake ni mapana yenye pembe pembe, nayo yakisuguliwa hutoa harufu mbaya. Maua yake yana umbo la tarumbeta, meupe au ya zambarau. Tunda lake ni la kijani, kubwa kama yai dogo, limejaa miiba pande zote. Likikauka hupasuka sehemu nne, na ndani yake mna mamia ya mbegu ndogo, bapa, zenye rangi ya hudhurungi au nyeusi na umbo la figo. Mbegu hizo zaweza kulala ardhini makumi ya miaka na kuota siku zitakapofikiwa na mwanga na mvua.

Mmea wote una sumu, tangu mzizi hata ua, na mbegu ni kali sana. Sumu zenyewe huitwa atropini, hayosiamini na skopolamini. Kazi yake ni kuzuia ujumbe ambao mishipa ya fahamu hupeleka kwenye moyo, macho, tezi za mate na jasho, tumbo, kibofu na ubongo. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Ugali uliopikwa vizuri kwa unga wenye mbegu za mnanaha ni ugali wenye sumu.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Na iwe mfano. Mama mmoja akaaye katika mabonde yaliyo chini ya Maua amevuna wimbi lake. Wakati wa mavuno, matunda machache ya mnanaha yalikatwa pamoja na masuke, yakapurwa pamoja, na mbegu zake zikaingia guniani. Jioni mama anapepeta kwa haraka, kwa kuwa giza limeingia na watoto wana njaa. Wimbi linasagwa, uji unapikwa, na nyumba nzima inakunywa.

Baada ya nusu saa au saa moja mtoto mdogo anaomba maji. Anakunywa, anaomba tena, lakini kinywa chake ni kikavu na hawezi kumeza vizuri. Uso wake ni mwekundu na ngozi ina joto kali, wala hatoki jasho. Mboni za macho yake zimepanuka, naye anasema haoni sawasawa. Moyo wake unapiga mbio. Kisha anaanza kusema maneno yasiyo na maana, anazungumza na watu wasiokuwapo, anashika hewani kana kwamba anakamata wadudu, na anapoguswa anapiga kelele. Hawezi kukojoa ingawa tumbo limejaa. Sumu ikiwa nyingi zaidi, hupatwa na kifafa, kisha huzimia, na pumzi yaweza kukatika.

Hapo ndipo nyumba hugawanyika. Nyanya yake asema mtoto amerogwa. Mjomba asema ni malaria imepanda kichwani, atafutiwe vidonge dukani. Jirani ataka afungwe kamba asijidhuru. Na wakati wanaposhindana, mama mwenyewe anaanza kuona kinywa chake kimekauka.

Jambo hilo la mwisho ndilo ufunguo. Watu wawili au zaidi waliokula chungu kimoja wakiugua kwa namna moja na kwa wakati mmoja, ulizeni kwanza juu ya chakula. Malaria haiwapigi watu wa nyumba moja wote katika saa moja baada ya kula. Lakini si kazi ya jamaa kuamua ni ugonjwa gani. Daktari atapima damu ya mgonjwa aone kama kuna malaria, na atatazama macho, ngozi na mapigo ya moyo. Kazi ya jamaa ni kumfikisha kwa daktari upesi na kumweleza yote waliyoyaona.

YALIYOTOKEA MAHALI PENGINE

Hatari hii si ya Meru peke yake, wala si ya Afrika peke yake. Mwaka 1676 askari wa Kiingereza waliopelekwa Jamestown, katika Virginia huko Amerika, walipika majani machanga ya mnanaha wakidhani ni mboga. Mwandishi wa historia ya Virginia, Robert Beverley, alieleza mwaka 1705 kwamba askari hao walikaa kama wapumbavu siku kumi na moja, na walipopata fahamu hawakukumbuka lolote. Mpaka leo Wamarekani huuita mmea huo kwa jina la mji ule.

Karibu zaidi, katika milima ya Upare nchini Tanzania, hospitali ya serikali ya Usangi ilipokea wagonjwa wengi kwa pamoja waliodhuriwa na mnanaha ulioingia katika chakula; habari zao zilichapishwa katika jarida la madaktari mwaka 1991. Na mwezi wa Machi 2019, katika nchi ya Karamoja, Uganda, kina mama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo walipewa unga wa lishe uliotoka nchi za nje. Watu wapatao 300 wakaugua, hasa katika wilaya za Napak na Amudat, na watu 5 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani ya unga ule mlikuwa na sumu za mnanaha, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likasimamisha ugawaji wake.

Habari ya Karamoja yafundisha mambo mawili. La kwanza, hata chakula kilichofungwa vizuri katika mfuko wa kiwandani chaweza kuwa na hatari ikiwa magugu hayakung'olewa shambani kilikotoka. Ndiyo sababu kanuni za kimataifa za ubora wa mahindi, zilizowekwa mwaka 1985, zinazitaja kwa majina mbegu za mnanaha na za mbarika miongoni mwa zile zisizotakiwa kuwamo katika mahindi kwa kiasi cha kudhuru. La pili, katika watu wapatao 300 waliougua, karibu wote walipona. Sumu hii hutibika mgonjwa akiwahi.

HOSPITALI HUFANYA NINI

Mji wa Maua una bahati ya kuwa na hospitali ya tangu zamani, iliyoanzishwa na Wamethodisti mwaka 1928. Mgonjwa wa sumu afikapo hospitali yoyote, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba anapumua vizuri na njia ya pumzi haikuzibwa. Hupimwa joto, mapigo ya moyo na nguvu ya damu.

Ikiwa amefika mapema na ana fahamu za kutosha kumeza, aweza kunyweshwa mkaa wa dawa. Mkaa huu si ule wa jikoni. Umetengenezwa kiwandani uwe na matundu mengi madogo sana yanayoinasa sumu tumboni kabla haijaingia katika damu. Mnanaha hulifanya tumbo liende polepole, kwa hiyo mbegu hukaa tumboni kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo ugonjwa waweza kudumu siku moja, mbili, au zaidi. Mtu asistaajabu mgonjwa akitulia asubuhi na kuanza kuweweseka tena mchana. Haifai kumwondoa hospitalini kabla daktari hajaruhusu.

Mwenye joto kali hupozwa kwa maji na upepo. Aliyekauka hutiwa maji ya dawa katika mshipa. Asiyeweza kukojoa huwekewa mpira wa kutoa mkojo. Mwenye kifafa au fujo nyingi hupewa dawa ya kutuliza iitwayo diazepamu, na hulazwa mahali penye utulivu na mwanga hafifu, kwa kuwa kelele na taa kali humzidishia hofu.

Hapa kuna jambo ambalo jamaa wote yawapasa kulifahamu. Baadhi ya dawa ambazo hupewa watu wenye wazimu zina tabia inayofanana na ya mnanaha. Zikitolewa kwa mtu mwenye sumu hii, zaweza kuongeza sumu juu ya sumu. Kwa hiyo mgonjwa akiletwa kwa neno moja tu, "Amerukwa na akili," pasipo kutajwa uji aliokunywa au tunda alilochezea, daktari ananyimwa habari ambayo ingemwongoza. Anayeficha kwamba kijana alikula mbegu hizo kwa kutaka kulewa, akiona haya, anahatarisha maisha ya kijana wake kwa ajili ya heshima ya siku moja.

DAWA ILIYOTOKA KATIKA MBEGU YA SUMU

Iko pia dawa inayopingana na sumu ya mnanaha yenyewe, nayo ina historia ya ajabu. Katika nchi ya Calabar, Nigeria, Waefik walikuwa na haragwe la sumu lililotumiwa katika kiapo. Aliyeshtakiwa kwa uchawi alinyweshwa sumu ya haragwe hilo. Akitapika na kuishi, alihesabiwa kuwa hana hatia. Akifa, alihesabiwa mchawi. Watu wengi wasio na kosa walipotea kwa njia hiyo.

Mwaka 1864 wataalamu wawili Wajerumani, Jobst na Hesse, walitenga ndani ya haragwe hilo dawa iitwayo fisostigmini. Ikaonekana kwamba kazi yake ni kinyume kabisa cha kazi ya atropini: moja hufunga, nyingine hufungua. Kwa hiyo haragwe lililotumiwa kuua washtakiwa wa uchawi likatoa dawa ya kuwaponya watu ambao jamaa zao hudhani wamerogwa. Dawa hiyo ni kali, yaweza kuupunguza mno mwendo wa moyo, wala haipatikani katika kila hospitali. Lakini wagonjwa walio wengi hupona hata bila hiyo, kwa uangalizi mzuri uliotajwa hapo juu.

Na atropini yenyewe, sumu ya mnanaha, ni dawa ikitumiwa kwa kipimo na daktari. Ndiyo humwokoa mkulima aliyedhuriwa na aina fulani za dawa za kuua wadudu. Tofauti ya dawa na sumu ni kipimo, na kipimo hicho hakipatikani kwa kuchuma mbegu porini. Tunda moja laweza kuwa na sumu nyingi kuliko jingine, na mganga wa kienyeji hana mizani ya kulijua hilo.

MBARIKA NA MACHO YA TIPITIPI

Mbegu za mbarika zajulikana na wote: zinang'aa, zina madoadoa, na watoto huzipenda. Mafuta ya mbarika yaliyotengenezwa vizuri hayana sumu, kwa maana sumu yake, iitwayo risini, haiingii katika mafuta bali hubaki katika makapi. Risini iligunduliwa mwaka 1888 na mwanafunzi wa udaktari aitwaye Hermann Stillmark. Ni kali mno; mwaka 1978 mwandishi mmoja Mbulgaria, Georgi Markov, aliuawa London kwa kidonge kidogo sana cha chuma kilichoaminiwa kuwa na sumu hiyo, ambacho kilipenyezwa pajani mwake.

Mbegu nyingine ni zile ndogo, nyekundu kama damu, zenye doa jeusi, ambazo watu wa pwani huziita macho ya tipitipi. Wengine huzitunga shanga. Sumu yake, abrini, ni ndugu wa risini.

Mbegu hizi mbili zina ganda gumu. Mtoto akimeza moja nzima yaweza kupita bila kumdhuru. Akiitafuna, au ikiwa imetobolewa ili itungwe, sumu hutoka. Wala madhara hayaonekani upesi kama ya mnanaha. Saa kadhaa zaweza kupita mtoto akicheza, na wazazi wakashukuru kwamba hakuna neno. Kisha huanza kutapika, kuumwa na tumbo na kuhara, pengine damu, na mwili hukauka maji. Sumu hizi hazina dawa ya kuzipinga. Matibabu ni kumrudishia mgonjwa maji na chumvi alivyopoteza, kuilinda figo na ini lake, na kumwangalia kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mtoto aliyetafuna mbarika apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama anacheka.

MBEGU ZILIZOPAKWA DAWA

Kuna na mbegu ambazo hazikuumbwa na sumu bali zimetiwa sumu na wanadamu. Mbegu za kupanda zinazouzwa madukani mara nyingi hupakwa dawa ya kuzuia wadudu na ukungu, nazo hutiwa rangi ili zitambulike. Katika nchi ya Iraq, mwishoni mwa mwaka 1971, wakulima walipewa ngano ya kupanda iliyopakwa dawa yenye zebaki. Wengine waliichelewa kwa kupanda, wakasaga mikate. Watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao wakafa. Kuosha mbegu kuliondoa rangi, lakini hakukuondoa sumu. Mbegu iliyotiwa rangi ni ya shamba. Isiingie jikoni hata siku ya njaa.

MAMBO YA KUFANYA MTU AKILA SUMU

1. Zuieni watu wote kuendelea kula chakula kile. Wekeni akiba kidogo ya chakula, unga, mbegu au mmea wenyewe, mpeleke kwa daktari pamoja na mgonjwa.

2. Kumbukeni saa aliyokula na saa alipoanza kuugua.

3. Msimtapishe kwa vidole, kwa maji ya chumvi wala kwa sabuni. Aliyepungukiwa na fahamu huvuta matapishi mapafuni, akafa kwa hayo badala ya sumu.

4. Akizimia au akipatwa na kifafa, mlazeni ubavu. Msimtie kijiko wala kitu chochote kinywani.

5. Akiwa na joto kali, mvueni nguo nzito na mpangusie maji yasiyo ya moto.

6. Msimfunge kamba. Mtu mmoja amjuaye na akae naye, amshike mkono na kusema naye kwa upole.

7. Asipewe pombe, wala asitafune miraa kwa nia ya kumwamsha. Moyo wake unakwenda mbio tayari. Miraa itauongezea mwendo.

8. Mpelekeni hospitali kwa gari, pikipiki au machela. Msingoje asubuhi.

JINSI YA KUJIKINGA

Mnanaha na ung'olewe ungali mchanga, kabla haujatoa ua wala tunda. Anayeung'oa avae glavu au afunge mikono kwa mfuko, asijiguse machoni, na anawe kwa sabuni amalizapo. Mmea wenye matunda usiachwe kando ya shamba, maana mbegu zitamwagika hapo hapo. Uzikwe katika shimo refu. Usitupwe zizini wala katika rundo la mbolea.

Wakati wa kuvuna, mwenye kukata atazame masuke yake. Nafaka ipepetwe mchana, kwenye mwanga, ichekechwe, kisha itandazwe juu ya kitambaa cheupe na kupembuliwa kwa macho. Mbegu bapa zenye umbo la figo ziondolewe. Anunuaye nafaka au maharagwe sokoni afanye vivyo hivyo, hata kama muuzaji ni rafiki yake.

Watoto na waonyeshwe mimea hii kwa majina yake, nyumbani na shuleni. Mtoto aliyekatazwa bila kuonyeshwa hujaribu. Aliyeonyeshwa huwaonya wenzake.

Wahenga walisema, kawia ufike. Maneno hayo ni ya kweli kwa safari nyingi, lakini safari ya mwenye sumu si mojawapo. Jioni mama akichukua ungo wake kabla jua halijatua, na kupembua wimbi lake polepole, hapo ndipo mahali pa kukawia. Robo saa aliyoitumia penye mwanga yaweza kuwaepusha watoto wake na usiku mzima wa hofu.